Kidole na klavie: nani atahama?



Tangu mwanzo wa muhula huu kuna mabishano katika masomo yetu, na kelele yake imefika mpaka mahali pa kulia. Kamati ya wazazi imepata franga kidogo kwa ajili ya chumba cha informatike. Wengine wanataka zinunuliwe tableti, zile za kugusa kwa kidole. Wengine wanataka ordinatere za meza zitengenezwe, zipate klavie mpya na panya mpya. Sisi wakubwa wa wanafunzi tuliombwa na Bwana Prefe tutulize kelele. Tumeshindwa kuituliza, kwa hiyo tunaingia ndani yake.

Wale wa tableti wana neno moja wanalolirudia kila siku: «Ordinatere njo kitu ya bazee. Dunia yote inahamia ku kioo ya kugusa. Sisi tutabakia na panya mpaka wakati gani?» Neno hilo linapendeza masikioni. Lakini lina swali ndani yake ambalo hawakulijibu. Ni nani anayehama? Tena anatoka wapi, anakwenda wapi?

Wiki mbili zilizopita tulisimamia wadogo zetu wa darasa la saba walipoingia katika chumba cha informatike mara ya kwanza. Mtoto mmoja akakaa mbele ya mashini ya tano, akaona picha ndogo ya programu, akaigusa kwa kidole. Mashini ikanyamaza. Akapangusa kioo kwa mkono wa shati yake, akagusa tena kwa nguvu. Kisha akatuangalia na kusema: «Kaka, hii imekufa.» Tulicheka sana, na baadaye tukaona haya kwa kucheka kule. Mtoto yule hakuhama kutoka popote. Hajawahi kuona panya ya mashini. Nyumbani kwao kuna telefone ya baba yake, na hapo ndipo alipojifunzia kila kitu. Tukimwambia ya kwamba watu wa meza watahamia kioo cha kugusa, atauliza: watu wa meza ni watu gani?

Tuanze na wale wenye kukaa mezani, kwani jambo lao limekwisha kujaribiwa, tena kwa mali nyingi kupita yetu.

Mwaka 2007 kampuni ya Apple ilianza kuuza iPhone, na mwaka 2010 ikaleta iPad. Watu wakapenda kidole. Microsoft, wenye programu inayoendesha ordinatere nyingi za maofisi duniani, wakaona hatari ya kuachwa nyuma. Tarehe 26 mwezi wa kumi 2012 wakatoa Windows 8. Mtu aliwasha mashini yake asubuhi ili aandike barua, na mbele ya macho yake ukatokea uwanja wa vipande vya rangi, vikubwa kama vigae, vilivyofanywa kwa ajili ya kidole. Kifungo cha Démarrer, kilichokuwa kule chini kushoto tangu Windows 95, hakikuwapo tena. Mambo mengine yalifichwa katika pembe za kioo. Ilifaa kupeleka mshale pembeni ndipo yatoke. Hata kuzima mashini ilikuwa ni safari: pembeni, kisha kwenye mipango, kisha kwenye alama ya umeme. Na jambo la kushangaza ni hili: mashini nyingi za maofisi hazikuwa na kioo cha kugusa hata kidogo. Watu walipewa nyumba ya vidole wakaambiwa waingie na panya yao.

Hawakuingia. Wengi walibakia na Windows 7 ya mwaka 2009, na wengine hawakuiacha hata ulipofika mwaka 2020, wakati Microsoft yenyewe ilipoacha kuitunza. Mwezi wa kumi 2013 ikaja Windows 8.1, na kifungo kikarudishwa mahali pake, ingawa ukikibonyeza kilikurudisha kwenye vigae vile vile. Tarehe 29 mwezi wa saba 2015 ikaja Windows 10 (namba tisa iliruhukwa) pamoja na meni kama ya zamani, na vigae vichache vimekaa pembeni yake kama wageni. Katika Windows 11 ya mwaka 2021 hata wageni hao hawakuonekana tena.

Watu wa Linux nao walipata fujo ya kwao. GNOME 3 ilipotoka mwaka 2011 na sura mpya, wako waliochukua GNOME 2 ya zamani, wakaiendeleza wenyewe kwa jina la MATE. Kwao programu ni mali ya wote, kwa hiyo hawakuhitaji kulalamika muda mrefu.

Kwa sababu gani watu wa meza walikataa? Wenzetu wa tableti wanajibu upesi: juu ya ugumu wa mioyo ya wazee. Sisi hatukubali jibu hilo, na tunaomba kila msomaji afanye jambo moja sasa hivi. Nyoosha mkono wako mbele yako, kama vile unagusa ubao, uuache hapo hapo huku ukiendelea kusoma. Usiushushe.

Mwaka 1983 kampuni ya Hewlett-Packard iliuza ordinatere ya meza iliyoitwa HP-150. Mbele ya kioo chake palipita miali isiyoonekana kwa macho, na kidole kilipoikata, mashini ilijua kimegusa wapi. Kwa hiyo kugusa si kitu cha jana. Wazazi wetu wengi hawakuwa wameoana bado. Ila kioo kilichosimama wima mezani kinadai mkono uliosimama hewani, na mkono ule unachoka, unakuwa mzito, unauma begani. Mafundi wa Marekani waliupa ugonjwa huo jina la mkono wa gorila. Sisi wa Kivu tunaojua gorila wa Kahuzi-Biega tunaweza kusema ya kwamba gorila hajamkosea mtu, lakini jina ni lao. Steve Jobs wa Apple, yeye aliyetajirika kwa vioo vya kugusa, alieleza mwaka 2010 kama walijaribu kugusa kwenye kioo kilichosimama, wakaona haifai: mwanzoni inapendeza, baadaye mkono unataka kukatika.

Mkono wako uko wapi sasa? Tulifikiri vile.

Tena kuna kidole chenyewe. Kidole ni kinene, kinafunika kitu kile kile kinachotaka kuonyesha. Mshale wa panya ncha yake ni nukta. Mshale unaweza kusimama juu ya kitu bila kukibonyeza, na mashini ikakuandikia kitu kile ni nini; kidole hakijui kusimama juu ya kitu, kikifika kimeshabonyeza. Ndiyo maana programu za kugusa zina vifungo vikubwa, na kwa kuwa ni vikubwa ni vichache, na vingine vyote vimefungiwa ndani ya droo. Kwa kutazama picha za arusi ya dada yako si neno. Lakini karatasi moja ya Excel ina mistari 1.048.576 na safu 16.384. Mwenye kufanya hesabu ya mishahara ya walimu anataka kushika kijisanduku kimoja kati ya hivyo vyote, na akikosea mstari mmoja, mwalimu wa jografia atapokea mshahara wa mlinzi. (Walimu wa jografia watusamehe, ni mfano tu.)

Mwezi uliopita tulifanya mashindano madogo. Mama Sekretere alikubali, na tunamshukuru, kwani alikuwa na kazi nyingi. Tulimpa ukurasa mmoja wa barua, tukampa kijana mmoja wa darasa la kwanza la humanite ukurasa ule ule na tableti iliyoazimwa kwa mwalimu. Kijana huyu ana sifa. Anaandika kwenye telefone upesi mpaka macho hayafuati. Mama Sekretere aliangalia karatasi tu, hakuangalia mikono yake hata mara moja, akapiga kwa vidole kumi huku akimjibu mzazi aliyesimama mlangoni juu ya minervali. Alipomaliza, kijana alikuwa hajafika nusu ya ukurasa, tena tableti ilikuwa imemgeuzia majina ya watu kuwa maneno ya Kifaransa.

Hapo tulielewa kitu. Kujua kwa Mama Sekretere hakuko katika kichwa, kuko katika ncha za vidole. Kila kifungo kina ukingo wake, na vifungo viwili vina alama ndogo ya kupapasa ili mkono ujue uko nyumbani. Kioo ni laini kote, hakina nyumba. Unamwondolea klavie, unamwondolea na miaka yake yote ya kazi. Basi tusimwite mtu wa namna hiyo mzee mwenye moyo mgumu. Yeye anapiga hesabu ya hasara, tena hesabu yake ni sawa.

Na wale wanaosema klavie imekufa wafungue telefone zao waandike neno moja. Watakuta nini pale chini ya kioo? Klavie. Mpango wa herufi uliochorwa na Sholes, ukauzwa kwenye mashini za Remington tangu mwaka 1874, Wafaransa wakageuza herufi chache kwa ajili yao, na sasa umelala ndani ya kioo cha kijana wa Bukavu. Kidole kimehamia telefone, lakini kimebeba meza yake mgongoni.

Zaidi ya hayo, angalieni tableti zenyewe zimekwenda upande gani. Microsoft walipotoa tableti yao ya Surface mwaka 2012 waliifanyia kifuniko chenye klavie. Apple wakauza klavie ya kuunganisha na iPad Pro mwaka 2015, pamoja na kalamu, na mwaka 2020 iPad ikapokea panya na mshale kabisa, kama ordinatere. Kalamu ile tunaiheshimu: mtu wa kuchora alipata faida ya kweli, yeye alikuwa na haki ya kuhama. Lakini tunauliza bila ubaya: kama watu wa meza wote wanahamia tableti, kwa nini tableti inanunua panya?

Sasa tusidanganye. Sisi tunaoandika maneno haya tuliyaanza kwenye telefone, usiku, chini ya blanketi (Bwana wa nidhamu atusamehe), na asubuhi tukaenda kuyapiga kwenye klavie kabla ya kupelekwa kwenye roneo. Kidole kilitosha kwa kuwaza. Na nje ya masomo yetu kidole kimefanya kazi ambayo meza haikuifanya kamwe. Mama anayeuza samaki sokoni hana ordinatere, hatakuwa nayo, na hana haja. Anashika telefone, anatuma sauti yake kwa WhatsApp mpaka kwa mvuvi, anajua beyi kabla jua halijatoka. Mtu asimwambie kama anakosa kitu.

Wenzetu wa tableti wana neno lingine zito kuliko lile la bazee, na tunashangaa hawalitaji mara nyingi. Ni umeme. Siku umeme unapokatika saa ine asubuhi, ordinatere zote za meza zinakufa pamoja, na kazi ambayo mtu hakuiweka salama inakufa nayo. Tableti ina batri yake, inaendelea mpaka jioni. Mwaka jana darasa letu lilipoteza masomo mengi ya informatike kwa njia hii, tukakaa katika giza tukisikiliza mwalimu akichora dirisha la programu kwa chaki. Mwenye kutetea meza bila kusema neno juu ya umeme hajakaa katika chumba kile.

Hata hivyo hatujageuza mawazo, na sababu yetu ni dada mmoja aliyemaliza hapa mwaka juzi, katika Commerciale et Gestion. Hatutaji jina, wengi mnamjua. Alishinda Egzetat kwa asilimia nzuri. Akaitwa kwenye ofisi moja kujaribiwa kwa kazi, akawekwa mbele ya ordinatere, akapewa orodha ya bei na vitu akaambiwa afanye jedwali la mauzo pamoja na jumla. Nusu saa. Yeye alikuwa na telefone nzuri na alijua kila kitu ndani yake. Lakini wakati wake hapa mashini zilizokuwa nzima zilikuwa tatu, kwa wanafunzi arobaini na zaidi; kila mmoja aligusa klavie mara chache kwa mwaka. Alitafuta herufi moja moja. Alitafuta alama ya kujumlisha. Nusu saa ikaisha, naye amefika mstari wa sita. Kazi ikapewa mtu mwingine. Sasa anauza kredi za telefone karibu na paroki, na anatusalimia kwa furaha kila tunapopita, jambo ambalo linatuumiza zaidi.

Kwa hiyo wakati wenzetu wanauliza kama watu wa meza watahamia kioo cha kugusa, sisi tunaona ya kwamba kwetu safari inakwenda upande wa pili. Wale wa maofisi ya Ulaya na Marekani walianza mezani, wakaombwa kwenda kwenye kioo, wakakataa, na kukataa kwao hakukuwanyima mkate. Kampuni kubwa iliwarudishia kifungo chao. Sisi tumeanza kwenye kioo. Ofisi inatuomba twende mezani, na sisi tukishindwa, hakuna kampuni itakayoturudishia kitu. Yule mtoto wa darasa la saba aliyepangusa kioo kwa shati yake, miaka sita kutoka sasa ataketi mahali pale alipoketi dada yetu. Kidole anakijua tayari, alikifundishwa bure nyumbani. Masomo yatamfundisha nini tena, kama si kile ambacho nyumbani hakipo?

Mtu atasema: hata maofisi yatabadilika. Inawezekana. Tayari mtu anasaini kwa kidole, anaagiza kwa kidole, na mashini zinasikiliza sauti na kuandika. Mwenye kutazama tu, kuchagua na kujibu ndiyo, huyo atahama, na wengi wao wamekwisha kuhama bila kuitisha mkutano. Lakini mwenye kuandika kurasa nyingi, kupanga hesabu, kuchora ramani ya nyumba kwa vipimo, au kuandika programu zenyewe, huyu hatuoni anayemtoa mezani hivi karibuni. Hata programu zile za kugusa mafundi wanaziandika kwa klavie. Mwalimu wetu wa informatike alituambia hivyo akicheka, nasi tulikwenda kuangalia katika vitabu vyake, tukakuta ni vile vile.

Basi hili ndilo tunaloomba kwa kamati. Mashini kumi na moja zilizoko, saba zinaweza kupona. Fundi amekwisha kuziangalia. Zipone. Kila moja ipate klavie ya AZERTY ambayo herufi zake zinasomeka, kwani katika ile ya mashini ya pili herufi A na E zimefutika na watu wanaandika kwa imani. Inunuliwe batri kubwa ya kushikilia umeme, hata kama itashikilia kwa saa moja tu, ili jibu la giza lipatikane. Franga zikibaki, inunuliwe tableti moja, ikae kwa mwalimu wa jografia na biolojia kwa kuonyesha ramani na picha; huko inafaa kuliko mashini, tumeiona, na hapa tunawapa wenzetu haki yao. Tena saa ya kupiga mashini irudishwe kwenye ratiba ya darasa la saba na la nane, dakika arobaini kila wiki, kwa vidole kumi, bila kuangalia. Mama Sekretere amesema yuko tayari kusaidia kama ataachiwa mtu wa kupokea wazazi mlangoni.

Kamati itakutana siku ya posho ijayo, saa tatu, katika chumba cha walimu. Tumeomba dakika kumi za kusema, na tumeomba wale wa tableti wapewe dakika kumi vile vile, wamchague mtu wao mapema, asije na kelele tu. Mwenye jibu kwa maneno haya alilete kwa maandiko kabla ya siku ya tano, litapigwa katika namba inayofuata bila kukatwa, hata kama ameliandika kwa kidole.

Na yule aliyechukua panya ya mashini ya tatu airudishe. Haina kazi katika telefone yake.

Mkubwa wa wanafunzi, kwa niaba ya wenzake wa darasa la nne la humanite